Raba Mpya Kwenye Chuma Kibovu

Tororo, 1 Julai 2024

Mdogo wangu Jibril,

Assalamu alaikum. Habari za Busia, na watoto? Sisi wazima, ila kifua changu na hili vumbi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu mume wangu ndiye huishika.

Gari lake linagonga chini, na mlango wa nyuma unafunguka wenyewe barabarani. Atakuletea Alhamisi. Wajawazito wa Nabuyoga hawana gari lingine la kuwapeleka hospitali, kwa hiyo litazame vizuri.

Dada yako, Hanifah

Busia, 6 Julai

Dada,

Waalaikumu salaam. Pole kwa kifua. Sisi hatujambo.

Gari lilikuja. Raba zinazokaa kati ya bodi na chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, zimelika zote. Lakini nilipoinua bodi kwa jeki, chuma cha chesisi kule nyuma kilinimegukia mkononi kama mkate mkavu. Nikamwomba shemeji aliache wiki mbili, tukate, tuchomelee chuma kipya. Akasema, "Tia raba, paka rangi, na dada yako asijue."

Nilitia. Hilo ni kosa langu. Usilipande gari hilo.

Mdogo wako, Jibril

Tororo, 30 Julai

Jibril,

Salaam. Afya usiniulize leo.

Barua yako nilimsomea shemeji yako Nurudin. Alicheka, akafunga mlango wa gari mara tatu nisikie unavyofunga imara. Jumapili akamchukua Auma, jirani yetu, uchungu umeshamshika. Kwenye mteremko bodi ilihama, usukani ukakwama, wakaingia mtaroni. Auma alijifungulia pale majanini. Yeye yuko hai, mtoto tumemzika. Nurudin anawaambia watu kwamba ng'ombe alikatiza njia.

Kesho anakuletea gari. Lisitoke kwako tena, hata ikibidi ulivunje.

Dada yako

Busia, 8 Agosti

Dada,

Poleni sana, na Auma umfikishie pole yangu. Silali vizuri.

Siku nane nimengoja, gari halikuja. Leo nimekwenda Malaba, nikapita gereji moja baada ya nyingine nikilitafuta. Fundi mmoja, Akol, amesema alilitia raba mpya, na limetoka asubuhi hii. Nikamuuliza kama alikiona kile chuma.

"Nilikiona," akasema. "Lakini mwenyewe alikuwa na haraka. Kuna wanawake wawili wanamngoja Nabuyoga."

Barua hii nampa mtu wa bodaboda anayekuja Tororo. Mimi nakwenda Nabuyoga moja kwa moja. Simu ya shemeji inaita tu.

Mdogo wako