Mate Yangu Mwenyewe

Jumamosi, Riruta. Mawingu yamelala juu ya mabati tangu asubuhi na baridi ya Julai haina huruma. Lakini leo mchana nimekula githeri, mahindi na maharagwe, nikahisi tena ladha ya chumvi, na hilo latosha kuandikwa.

Nimekuwa nikiogopa. Nianze hapo.

Mwanzoni mwa mwezi niliona utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Nikiukwangua, chini yake palikuwa pekundu, panauma. Nikatafuta kwenye simu. Simu ilitaja sababu nyingi, mimi nikaona moja tu. Virusi vya UKIMWI.

Sikumwambia mtu. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili mjini, na siku zote hizo nilizungumza na wateja nikifungua mdomo nusu. Nyumbani nilijitengea kikombe. Shosho, nyanya yangu aliyenilea na ambaye bado naishi naye, akaniuliza ni lini nilianza maringo. Nilijua vizuri kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe. Nimesoma. Hofu yangu haikusoma.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda kliniki moja huko Parklands. Koo lilikauka hata jina langu likanishinda kulitamka. Muuguzi aliyenitoa damu aliniambia, kabla hata ya matokeo, kwamba yatoke vyovyote yatakavyotoka, dawa zipo na watu wanazeeka nazo. Namshukuru kwa kulisema hilo mapema, wakati bado lilikuwa na kazi ya kufanya.

Sina virusi.

Utando ulikuwa kuvu. Nikapelekwa kwa daktari wa kinywa, mwanamke ambaye hanizidi umri sana. Aliniuliza dawa ninazotumia. Nikamweleza kuhusu pampu yangu ya pumu, kwa fahari kidogo: kwamba nikishavuta sisukutui mdomo wala sigusi maji kwa muda mrefu, ili dawa isipotee hata kidogo.

Akazima tochi yake.

"Wewe ni mtu makini sana, eh?"

Nikasema najaribu.

"Sasa huo umakini ndio umekuletea hii kitu. Dawa ya mapafu umeiwacha kwa mdomo, ikalaza askari wote. Kuvu imepata nyumba bila mlinzi."

Akanieleza kwamba kuvu hiyo huishi vinywani mwa watu wengi bila kuwasumbua, kwa kuwa mate si maji matupu. Ndani yake mna protini. Ziko zinazopenya chembe ya kuvu na kuifanya ivuje mpaka ife. Iko nyingine, laktoferini, inayoinyima kuvu madini ya chuma, ikashindwa kukua. Hiyo imo pia katika machozi na katika maziwa ya mama.

Nami nilikuwa nimeyakausha mate yangu kwa bidii. Tembe ninazomeza kwa mafua ya mzio hukausha mdomo. Maji sinywi kazini, nisije nikaacha dawati kwenda msalani. Na hofu yenyewe, akasema, hukausha pia.

Alinipa dawa ya kuzungusha mdomoni. Alinionya nisiache pampu kwa sababu ya haya yote. "Vuta, sukutua, tema. Ni hayo tu."

Nimekaa na jambo hili tangu juzi. Kumbe wakati wote nilipokuwa nikijidhania nimeharibika, mwili wangu ulikuwa ukinipigania kwa kile kidogo nilichouachia.

Leo baada ya githeri nikamwambia Shosho yote, hata habari ya virusi. Akakitazama kile kikombe nilichojitengea. Nilidhani ameona aibu.

"Na kama ungekuwa nayo," akasema, "ungekunywa chai peke yako mpaka lini?"

 

Kisha akaniambia nilete viganja. Wazee wetu hubariki kwa mate. Humtemea mtu kidogo mikononi, naye akajipaka usoni. Nikiwa nimeinama mbele yake, nikashindwa kujizuia, nikamwambia daktari amesema mate yana protini za kuua kuvu.

"Kwani yako yameisha, unataka yangu?"

Tukacheka mpaka akakosa mate ya kutema. Ikabidi anywe maji kwanza. Halafu akanibariki, kwa Kikuyu, polepole, akiwataja waliotutangulia. Sijui kama baraka ina protini. Nilijipaka uso wote.

Naandika haya mdomo ukiwa umelowa, na nashukuru: kwa muuguzi, kwa daktari, kwa Shosho, kwa hawa askari nisiowaona.

Nitaogopa tena, najijua. Swali ni moja. Siku hiyo ikifika, nitaweza kumwambia mtu kabla mdomo haujakauka?