Maji ya Chombo cha Sita

Kiamunyi,
Nakuru.
17 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Khaemba,

Kuku thelathini na wanne walikufa ndani ya banda ulilonijengea, kuanzia Jumapili tarehe 14 Septemba hadi Jumapili tarehe 21. Siku nane. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu ndilo limekaa kati yetu, na nikilizunguka utajua nimelizunguka. Sasa salamu.

Hujambo, mtoto wa mama? Wifi yangu Sue hajambo? Joto la huko Lodwar linakuacha ulale? Nasikia madawati ya ile shule yamefika mia moja na ishirini na bado unaranda mengine. Kifua chako vipi na vumbi la mbao? Sisi huku tuko wazima. Mama yuko Kimilili, mguu umepungua uvimbe, anatembea mpaka kanisani na kurudi bila kukaa njiani. Mercyline amemaliza mtihani wa muhula na anangoja majibu. Mimi cherehani inazunguka. Mwezi huu ni sare za Januari, kwa hiyo mgongo unalalamika lakini mikono inashukuru.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu imeshindwa. Jumbe kumi na moja nimekutumia tangu mwisho wa Septemba. Zote zina alama mbili za buluu na hakuna hata moja yenye jibu. Kipketer, huyo mwalimu mnayekaa naye ploti moja, anarudi huko kesho, na amekubali kuibeba barua hii mfukoni na kuitia mkononi mwako.

Najua ulinyamaza kwa nini. Nilikuambia kwenye simu, "Umenijengea jeneza, si banda." Ukajibu, "Basi libomoe," ukakata. Mimi nilikuwa nimesimama na karai lenye kuku watano waliopinda shingo, na wewe ulikuwa umetoa wiki tatu za kazi yako bila hata kuniomba chai ya pili. Kila mmoja wetu alikuwa na haki ya kukasirika. Ila hasira yangu, nimegundua, huenda ilikosea mlango. Ndiyo maana nakuandikia.

Acha nikupeleke polepole, maana jambo lenyewe limenishika kama kitendawili na wewe ndiye mwenye kipande kilichobaki.

Unakumbuka nilikuwa na kuku arubaini. Ulipomaliza kuta na paa tulihamisha thelathini na wanne kwenye banda jipya. Sita tuliwaacha kwenye kile kibanda cha Baba nyuma ya jikoni, kile alichokiunga kwa mbao za makreti ya reli, kwa sababu wawili walikuwa wanalalia mayai na wengine wanne hawakukubali kuhama. Tarehe 20 Agosti nikasafiri kwenda matanga ya Baba mdogo Wanyonyi. Wewe ukabaki kumalizia viota, na nikakuachia kazi ya kuchanja Ijumaa tarehe 22.

Kideri kilipokuja kilifagia banda jipya lote. Daktari wa mifugo alipasua mmoja, akaniambia hiyo ni Newcastle bila shaka. Thelathini na wanne kati ya thelathini na wanne. Kwenye kibanda cha Baba, sita kati ya sita wako hai mpaka leo, na mmoja ametaga asubuhi hii nikiwa natafuta kalamu.

Sasa mtu yeyote mwenye macho angesema nini? Wa banda jipya wamekufa, wa banda la zamani wamepona, basi ubaya uko bandani. Nilisema mbao za mabanzi zilikuja na kitu. Nilisema pengo la hewa uliloliacha chini ya paa, upana wa kiganja pande mbili, linaingiza upepo wa mlima Menengai. Nilisema maranda ya sakafuni yalikuwa ya mbao zilizopakwa dawa. Nilikuwa na sababu nyingi kuliko kuku.

Na kabla ya kukulaumu wewe nilikuwa nimeshamlaumu Mzee Kosgei. Jirani huyu tuliyepakana naye ukuta, aliyekushikia mihimili ukipiga misumari, alikuwa ameleta jogoo mwekundu kutoka soko la Olenguruone siku tano kabla ya kifo cha kwanza. Nilimwendea langoni, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba ametuletea msiba kwa kamba. Mzee hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mama Mercyline, jogoo mwenyewe bado anawika. Hiyo nayo umeiweka kwenye hesabu yako?" Tangu siku hiyo hajanisalimia. Tukikutana kwenye barabara ya kanisa anajifanya kurekebisha kofia yake.

Hilo swali lake lilinichoma kwa sababu sikuwa nimeliweka kwenye hesabu. Mimi, ambaye huweka kila kitu.

Basi nikaamua banda libomolewe. Fundi Ogola nikamwita Jumatano iliyopita, akaja na penseli sikioni kuhesabu mbao zinazoweza kutumika tena. Alipapasa viungo vyako, akatingisha nguzo moja, akaniuliza, "Dada, hii unataka kuvunja kweli? Aliyejenga hapa hakuwa na haraka." Nikamwambia avunje Jumamosi tarehe 22. Akainua mabega. Fundi akisifu kazi ya fundi mwenzake, ujue si kawaida.

Alhamisi nikaenda Njoro kwa Kigen, yule anayelea kuku wa miezi miwili na kuuza. Nilitaka kuagiza hamsini wa kuanza upya. Kigen hauzi kuku mpaka akuhoji kama mzazi wa bibi harusi. Aliniuliza wale wa kwanza walikufa na nini. Nikamwambia. Akauliza kama walichanjwa. Nikamwambia walichanjwa tarehe 22 Agosti, saa mbili asubuhi, kila chombo mililita kumi. Nilikuwa najivunia hizo namba. Akanitazama akasema, "Na yalikuwa maji gani?"

Nikamuuliza maji ni maji, kuna gani tena?

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Mama, chanjo ile ni kitu hai. Ukiitia kwenye maji ya mfereji yenye dawa ya kusafishia, umeiua kabla haijafika mdomoni. Kuku anakunywa maji tu na wewe unaenda kulala ukijua umechanja."

Khaemba, nilirudi Nakuru sikumbuki nilipita wapi. Miaka tisa nimechanja kuku na sijawahi kupoteza hata mmoja kwa kideri. Na miaka tisa yote nimetumia maji ya tangi, ya mvua, si kwa kujua lolote, ila kwa sababu tangi liko karibu na jikoni na mfereji wetu hutoa maji Jumanne na Ijumaa tu. Nilikuwa nafanya sawa bila kujua kwamba nafanya sawa.

Ijumaa, Khaemba. Tarehe 22 Agosti ilikuwa Ijumaa.

Nikaingia bandani kutafuta kile kikaratasi nilichokuachia. Bado kiko kwenye msumari nyuma ya mlango, na alama zako za penseli, sita, moja kwa kila chombo. Nimekisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Saa kumi na mbili ondoa maji yote. Saa mbili weka chanjo. Mililita kumi kwa bomba la sindano kila chombo. Vyombo sita. Wasifunguliwe. Saa nne ondoa mabaki. Namba zote ziko. Neno "tangi" haliko. Neno "mvua" haliko. Nimekigeuza hata nyuma.

Halafu nikachukua utepe wangu wa kupimia wateja nikaanza kupima uwanja, Mercyline akinitazama kama nimerukwa na akili. Ule mpira wa maji niliokununulia ili usihangaike na ndoo una urefu wa tepe kumi kamili, yaani mita kumi na tano. Kutoka mfereji hadi chombo cha tano, kilicho mwisho kabisa wa banda jipya, ni mita kumi na nne na nusu. Kutoka mfereji hadi kibanda cha Baba ni mita ishirini na tatu, mpira haufiki. Lakini kutoka tangi hadi kibanda hicho ni hatua tano.

Kwa hiyo nadhani nakuona. Vyombo vitano umevijaza pale pale vilipo, kwa mpira, kama mtu mwenye akili. Cha sita mpira umekataa, ukachota tangini. Ukapita na bomba la sindano, kumi, kumi, kumi, mpaka cha sita. Chupa moja ya chanjo, mkono mmoja, asubuhi moja. Chanjo ingekuwa imeharibika kwa joto njiani, basi hata wale sita wangekufa, kwa sababu mchana walikuwa wakiparura uani na wenzao. Nikafikiria labda sita hao ni wa kienyeji wenye damu ngumu. Hapana: watatu ni wa kienyeji na watatu ni wa kisasa, na kienyeji kumi na mmoja wa banda jipya walikufa kama wengine.

Na jogoo wa Mzee Kosgei? Labda kweli alikuja na ugonjwa, labda hakuja nao. Mzee huwachanja kuku wake, na jogoo huenda alichanjwa huko alikotoka. Lakini ugonjwa unapita kila msimu. Ulipopita kwetu ulikuta mlango wazi, na mlango huo, ikiwa nimekisia sawa, niliuacha wazi mimi, kwa karatasi yangu na kwa mpira wangu.

Lakini nimekisia tu, hapo ndipo nilipokwama. Wewe ni mtu wa nguvu, ungeweza kubeba ndoo sita kutoka tangini bila kuhema. Kama ulifanya hivyo, maji yote yalikuwa mazuri, na mimi sina jibu. Basi kitu kiko ndani ya banda, kwenye mbao au kwenye sakafu, na siwezi kuwaingiza kuku hamsini humo. Ogola atalivunja Jumamosi na sakafu tutaichoma.

Kama ulitumia mpira, banda lako halina kosa hata la msumari mmoja. Litabaki, na kuku wa Kigen wataingia Jumamosi inayofuata. Na mimi nitamchukua mmoja wa wale sita, yule mweusi asiye na mkia, nimpeleke kwa Mzee Kosgei akiwa hai kwapani mwangu, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakiomba msamaha. Neno nililolisema langoni mbele ya mkewe siwezi kulifuta kwa ujumbe wa simu.

Najua nimekuonyesha jibu linalookoa banda lako, na mtu mwingine angelichukua hilo hilo. Lakini nakukumbuka kule landhies, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ukiwa na miaka saba, ulipovunja kioo cha taa ya Baba. Sote tulikuwa tumekubaliana kusema ni paka. Baba alipoingia, kabla hajavua kofia ya reli, ukasema ni wewe. Tulipigwa sote kwa ajili ya ukweli wako. Ndiyo maana nakuuliza wewe na sitafuti shahidi.

Kuna jambo dogo ambalo nalo linanisumbua, na wewe ndiye uliyepima. Viota vilikuwa saba, vyote sawa, maranda sawa, giza sawa. Mbona wale marehemu walikuwa wanataga kwenye cha tatu tu? Nilihesabu kwa wiki mbili: mayai mia moja na tisini na nane, mia moja na sitini na moja yalitoka kiota cha tatu. Walikuwa wanapanga foleni. Ukijua siri yake niambie, maana wale hamsini wakianza kutaga nataka viota saba vifanye kazi, si kimoja na sita vya mapambo.

Msalimie Sue, mwambie kitambaa cha gauni lake nimekikata na kiuno nimekiacha kinaweza kuachiwa kikimbana miezi ijayo, asinione mchawi kwa kukisia. Wasalimie wanafunzi wanaokalia madawati yako. Mama amesema upige simu hata kama huna la kusema, apate kukusikia ukikohoa. Mercyline anakusalimu. Mungu akutunze na misumeno na jua, na akurudishe kwetu ukiwa na vidole vyote kumi.

Barua hii itakufikia Jumatano. Ogola anakuja na nyundo Jumamosi saa mbili asubuhi. Nataka jibu lako kabla ya Ijumaa tarehe 21, saa kumi jioni, kwa ujumbe wa neno moja, maelezo tutapeana baadaye. Usiandike pole, usiandike sijui, usiandike nitakupigia. Vile vyombo vitano vya banda jipya, asubuhi ile, ulivijaza maji ya mfereji au ya tangi?

Ni mimi dada yako, ninayekupenda banda likisimama na likianguka,

Namalwa