Mbuzi wa Shukrani Asubiri

Geita, wodi ya wanawake
Ijumaa, 14 Machi. Asubuhi manyunyu, sasa jua.

Mayu, mama yangu, shikamoo. Masanja akusomee polepole. Magoti yako yanaendeleaje, na mvua imefika huko Samuye? Mimi nimekaa kitandani, nimekunywa uji, naandika kwa mkono uleule wa kulia ambao jana ulikufa ukarudi.

Jana saa ya chai nilikuwa karashani, tunakosagia mawe ya dhahabu, naandika daftari langu la siku. Kalamu ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Mama Rehema, anayetupikia chai, akanicheka. "Kabula, leo umelewa chai ya rangi?" Nilipotaka kumjibu, maneno yakatoka kama ya mtoto. Hakucheka tena. Akanisugua mkono kwa mafuta ya kupikia. Sikuogopa. Nilikuwa kama naangalia mkono wa mtu mwingine.

Ukarudi wote. Msimamizi akalazimisha twende hospitali. Daktari akauliza hali ile ilichukua muda gani.

"Dakika tano tu, daktari, hata chai haikupoa," Mama Rehema akasema. Alitaka turudi nyumbani.

Nikafungua daftari. Saa nne na dakika kumi, mstari umeporomoka hadi chini ya ukurasa. Saa tano na dakika ishirini nimeandika, "Mkono umerudi." Daktari akasoma mara mbili.

"Mama, hii ni zaidi ya saa nzima."

Akahesabu alama za hatari kwa vidole. Umri wangu haukuongeza kitu, na sukari sina. Presha iko juu, moja. Mkono kulegea, mbili. Muda kupita saa, mbili. Jumla tano, na mwisho wake ni saba. Kwa dakika tano za Mama Rehema ningepata tatu. Akasema kile ni kiharusi cha kupita, na kikubwa kinaweza kukifuata. Siku mbili za kwanza ndizo mbaya zaidi, ila hatari inaendelea hadi miezi mitatu. Picha ya kichwa haikuonyesha damu. Wamenipa aspirini na dawa ya presha, na wamenilaza.

Jioni nikampigia Masanja. "Mkono umerudi? Basi, dada, Jumapili tunachinja mbuzi wa shukrani, kama tulivyomchinjia baba." Ndiyo maana naandika.

Mayu, baba aliangusha jembe, tukamsugua samli, mkono ukarudi, tukachinja. Nilikuwa kidato cha pili. Daftari la mwaka ule linasema: "Jumapili, nyama. Jumatano, baba amefariki." Miaka yote hii sikuwahi kuzisoma siku hizo mbili pamoja. Hatukukosea kushukuru. Tulidhani imekwisha.

Msichinje. Mbuzi aendelee kula mpaka miezi mitatu itimie, nije nimshike kamba mwenyewe. Na wewe, mkono ukifa hata kidogo, Masanja atazame saa, akupeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama umesharudi.

Nisalimie wifi yangu mke wa Masanja, na mjomba mchunga ng'ombe. Barua hii ataileta dereva wa lori la pumba, kesho.

Binti yako,
Kabula

Jumamosi asubuhi, mawingu. Mkono unaandika. Usingizi ulinipata saa nane na dakika kumi usiku.