Video niliyoituma kwenye kundi la ukoo

Jumatano. Joto limepanda mpaka chuma cha ngazi hakishikiki. Nimefunga mapema duka langu la kamera za ulinzi, hapa Ruwi, Maskati, mikono yangu leo haifai kazi.

Niandike kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kujitetea.

Jumapili alasiri nilikuwa Madinat Sultan Qaboos, juu ya ngazi, namfungia mteja kamera ya nane. Simu ikanitahadharisha: kuna mtu nyumba ya Sidab. Pale anaishi dada yangu Zuwena, peke yake tangu aachike. Nilimfungia kamera nne mwenyewe, moja nimeificha nyuma ya kiyoyozi. Nikafungua. Khalfan, aliyekuwa mumewe, yumo uani. Mkono mmoja una spana ya tairi, wa pili umeshika nywele za dada yangu.

Nilihesabu. Ndivyo kichwa changu kilivyo.

Mapigo tisa. La nne lilivunja mkono. Niliuona ukikunjika pasipo na kiungo. La saba lilimpasua juu ya sikio, damu ikaruka ukutani. Zuwena akanyamaza. Khalfan akampiga tena mara mbili.

Nilibonyeza king'ora cha nyumba, nikawapigia polisi. Khalfan akakimbia. Jirani, mzee Saidi, akaingia na kumfunga dada yangu kichwa kwa kilemba chake. Polisi walifika dakika ya kumi na moja. Daktari aliniambia wangechelewa nusu saa tungekuwa makaburini.

Mpaka hapo mashine zilifanya kazi yake. Aliyeharibu ni mimi.

Afisa aliniomba rekodi nzima, isiyokatwa, nikampa. Akasema: "Usimpe mtu mwingine. Khalfan hajui kama tunayo. Yuko kwa mama yake, tunamfuata sasa hivi."

Mimi huwaambia wateja wangu wote maneno hayohayo, bure.

Lakini nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya hospitali na damu ya dada yangu kwenye kanzu, nikiwafikiria wakubwa wetu. Miaka mitatu Zuwena aliwaonyesha michubuko. Miaka mitatu wakamjibu: "Mstahamilie mwanangu, huyo ni damu yenu." Khalfan ni mtoto wa ami yetu. Nikakata sekunde arubaini na moja, nikaituma kwenye kundi la ukoo, watu 186, Maskati mpaka Unguja. Chini nikaandika: "Haya, mwambieni tena astahamili."

Khalfan yumo kwenye kundi lile. Hakuna aliyemtoa alipomwacha mkewe. Nani anamtoa damu yake?

Dakika nne baadaye nikaona jina lake kwenye orodha ya waliotazama. Polisi walipofika kwa mama yake walikuta kikombe cha chai bado cha moto.

Jana akamvizia mzee Saidi akitoka msikitini, akamvunja taya. Shahidi wetu sasa anakunywa uji kwa mrija. Hilo ni langu, sina pa kulipeleka.

Leo asubuhi wamemkamata. Kamera ya kituo cha mafuta ilisoma namba ya gari yake. Ukoo mzima unanipongeza, ati kijana wetu wa kamera.

Mchana nilikwenda kumpa Zuwena habari. Hakuuliza habari za Khalfan.

"Kaka, siku ile nilikuwa kichwa wazi."

"Najua, dada'angu."

"Na gauni lilichanika. Ile video kaiona nani?"

"Polisi tu."

"Wallahi?"

Nikamwambia wallahi.

Akafumba macho, akalala. Nadhani ni mara ya kwanza tangu Jumapili.

Simu ya Zuwena ilipasuliwa ukutani na Khalfan siku ile, kwa hiyo dada kaniomba nyingine. Nimeshainunua, nimeitia namba yake ya zamani. Ujumbe wa kundi la ukoo, maana naye yumo, ulianza kushuka wenyewe, mia tatu na kitu, na ule wangu umo. Nimeifuta video, lakini watu wameshaihifadhi na kuirusha tena. Shangazi mmoja kaandika, "Maskini, na nywele zake zote nje."

Naweza kumtoa dada yangu kwenye kundi asijue kitu. Kazi ya kubonyeza mara mbili.

Mara mbili kidole kimekwenda, mara mbili nimekirudisha.

Kesho nitaingia wodini mikono mitupu. Simu itabaki kwenye gari mpaka nimwambie kwa mdomo wangu. Akitaka kunitemea mate, ateme.