Nywele Zikitosha Kusukwa

Jumapili, Witeithie

Shemeji amepiga simu tena kutoka nyumbani. Eti nywele zangu zimefika wapi? Walininyoa tulipomzika Baba Nekesa, wakasema zikitosha kusukwa matanga yatakuwa yameisha, na yeye atanirithi.

Jioni Nekesa amenipima na rula yake ya shule. Sentimita mbili, vilevile tu kama mwezi uliopita. Akapiga hesabu zake: zingekuwa zinamea kama za watu, Krismasi ningesuka matuta.

Hajui kuna makasi chini ya godoro, na kwamba nazipunguza akiwa shule. Ningemwambia, lakini huyo ami yake akimwuliza kitu kwa simu...

Kabla ya kulala amepiga magoti, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwomba Mungu zimee haraka.

Nikasema amina.