Saa ya Baba Ingali Inapiga

Yaya Mariamu, salamu aleko, wewe na batoto.

Huku Butembo baridi ni kali, ukungu haitoki mpaka saa ine. Leo niliingia kwa ule fundi wa saa mukatoliki, ule tunasemaka alikula saa ya Baba wakati ya vita ya rebelio. Salon ya nyumba yake sasa ni musée kidogo, kama makumbusho: saa za ukuta karibu makumi tatu, zenye batu walimuachia mbele ya kukimbilia porini. Zote zinatembea. Anazizungusha ufunguo yeye mwenyewe, moja moja.

Adhuhuri zikapiga zote mara kumi na mbili, mpaka kifua yangu ikatetemeka. Lakini moja ikapiga sita tu. Nikamuuliza juu ya nini harekebishi mishale yake.

«Ile iko ya muislamu moja wa Beni,» akasema. «Kwake masaa yanahesabiwa tangu jua kutoka. Alinikataza kuigusa mishale. Ilishapona zamani, ninamungojea.»

Yaya, ule muislamu ni Baba. Nikamuambia mimi ni mutoto wake, na Baba tulishamuzika. Akatosha kofia ku kichwa. Kisha akaweka ufunguo mudogo mu mukono yangu. «Donc, zungusha wewe.»

Niliizungusha huku machozi inanitoka.

Ijumaa ninarudi nayo na camion ya mizigo. Unikumbatie Mama, halafu umuulize kama ule musumari wa saa ungali kwenye ukuta.

Ndugu yako, Shabani