Jampa Yako Bado Iko

Baba Achieng,

Leo nimekukasirikia tena. Nakuandikia kwa mkono, hapa kwa meza yako, na kompyuta nimeizima makusudi. Utaona kwa nini.

Unakumbuka tulivyohama Gatwekera tukaja Kawangware, eti kompyuta uliyotaka kuunda ipate stima? Hatukuwa na kitanda cha maana, lakini maboksi ya vyuma vilivyotupwa na maofisi tulikuwa nayo. Ukaunganisha kipande kwa kipande mpaka ikawaka, nami nikaanza kuchapia watu barua za kazi na programu za mazishi.

Halafu ukaleta ile kadi ya kuendesha diski. Ilikuwa na kitu kidogo cha kuchomeka, jampa. Ukiitoa, kadi inashikilia kazi kwanza, inaiandika kwa diski baadaye, na mashine inakimbia, ila stima ikipotea kabla, kazi hiyo imeenda. Ukiiacha, kila nikisevu inaandika papo hapo, na mimi nakaa hapo nangoja kama mtu wa foleni ya maji. Wateja walikuwa wananigunia. Nilikuomba uitoe, ukakataa katakata. "Mama Achieng, stima ya Kawangware haiagi mtu." Nikakuita kichwa ngumu, ukacheka mpaka ukakohoa. Siku hizo ulikuwa unakohoa kwa kucheka tu.

Mwishowe ulikuwa umebaki mifupa. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa hata kukugeuza. Ile Jumapili mchana ukaniambia niketi nichape maneno ya kumwachia mtoto wetu Achieng, ayasome akishajua kusoma. Unasema sentensi moja, unapumzika, mimi nasevu, tunasikiliza diski ikikwaruza mpaka imalize. Ulimwambia asiogope hesabu. Ulimwambia viatu vikimbana aseme, asinyamaze kama wewe ulivyonyamaza ukiwa mtoto. Kisha ukaanza, "Na mama yako..." Mara redio ya jirani ikakatika. Kioo kikawa cheusi, na chumba chetu hiki kisicho na dirisha kikawa giza totoro.

Nikatukana stima. Nikakwambia, "Ngoja kwanza!" nikaanza kupapasa kiberiti.

Ukangoja. Maskini wewe, ukangoja kweli. Nilipowasha mshumaa ulikuwa umeshaenda.

Stima ilirudi kesho yake, nyumba imejaa watu wa kanisa wanaimba. Nikawapita, nikaiwasha mashine. Walidhani nimerukwa na akili. Aki ya Mungu, kila nilichosevu kilikuwa pale, mpaka viatu, mpaka nukta. "Na mama yako" haikuwepo, kwa sababu sikuwa nimeisevu. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, wakaacha kuimba.

Sasa umelala ushago, kijijini kwenu. Juzi ndugu yako Ouma alikuja na fundi. Ati mashine inatambaa, wateja wananitoroka, jampa itolewe. Nilimwambia fundi akiigusa nitamuuma. Akacheka, akidhani ni mzaha.

Na Achieng anajua kusoma, Baba. Leo asubuhi amesoma maneno yako yote, kidole kwenye kioo, polepole, mpaka mwisho. Akageuka akaniuliza, "Na wewe, baba hakukuambia kitu?"

Nilikuwa nimeketi hapo, vidole tayari. Ningeweza kuandika chochote. Kwamba ulinipenda. Kwamba niolewe, kwamba nisiolewe. Nani angejua? Hata nilianza: Na mama yako. Nikasikia nimekukasirikia. Kwa nini ulitii siku hiyo, wewe ambaye hukuwahi kunisikiliza? Nikazima mashine bila kusevu.

Nimemwambia mtoto ukweli. Baba alianza, stima ikapotea, mama akamwambia angoje. Akanishika mkono tu.

Lala salama, Baba Achieng. Sitakutilia maneno mdomoni, hata nikiyataka namna gani, na hiyo jampa haitatoka nikiwa hai. Nami siku nikifika huko uliko, usipoteze wakati kunisalimia. Anza pale ulipoachia. Nitanyamaza.

Mama Achieng